Mkaja wa mama

Kwa miaka minne nilivijua vyoo vyote vya kulipia kati ya Mbagala Rangi Tatu na Kariakoo. Nilijua kipi kina maji na kipi kina ndoo isiyo na kopo, mhudumu yupi anakubali umlipe ukishatoka, na kipi hufungwa mapema jioni. Mkoba wangu haukukosa sarafu, wala khanga iliyokunjwa vizuri chini kabisa. Nilivaa nguo za rangi nzito hata kwenye joto la Februari. Kwenye daladala nilitafuta siti ya karibu na mlango. Nikiikosa nilisubiri gari jingine, hata kama nimeshachelewa kazini.

Mkojo ulikuwa ukinitoka. Nikikohoa, nikipiga chafya, nikicheka na walimu wenzangu wakati wa chai, nikiinua ndoo. Mara nyingine matone, mara nyingine mpaka khanga ya ndani inalowa. Naliandika hivi hivi lilivyo, bila kulifunika, kwa sababu miaka yote ile sikumtamkia mtu na hakuna mtu aliyenitamkia.

Mwanangu wa tatu alizaliwa na kilo 4.1. Uchungu ulianza usiku wa kuamkia Ijumaa, nikasukuma zaidi ya saa mbili, mwisho mkunga akasema itabidi aniongeze njia. Nikashonwa, kesho yake nikaruhusiwa. Mama yangu alikuja kutoka Kisarawe kunilea, na wenzangu wa pwani wanajua kulea uzazi ni nini: kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, mgongo, tumbo na nyonga; uji wa pilipili manga; supu; kulala bila kugusa jiko mpaka arobaini itoke. Na mkaja, ule mshipi wa kitambaa kirefu unaofungwa tumboni baada ya kujifungua.

Neno hilo mkaja lina uzito kwetu. Mtu akija kuposa, pamoja na mahari hutajwa kilemba cha baba na mkaja wa mama, fedha za kumshukuru mama kwa tumbo lililombeba binti na kitambaa kilicholifunga alipokwisha kumzaa. Mila inajua kabisa kwamba kuzaa kunauacha mwili umelegea na unahitaji kushikizwa. Ninamshukuru mama kwa kila birika la maji alilochemsha. Lakini tumbo lilifungwa na mgongo ukakandwa, na chini, mahali mtoto alipopita, hakuna aliyepaangalia zaidi ya kuuliza kama nyuzi zimekauka.

Nilianza kuvuja kabla hata ya arobaini. Nilidhani kitapita. Nilipompeleka mtoto chanjo nikajikaza, nikamwambia muuguzi kwa sauti ya chini. Akanijibu kwa upole, wala hakunidharau: "Ndiyo uzazi huo mama, utazoea." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Halikuwa na ubaya moyoni mwake. Ndilo alilojibiwa na yeye, nadhani. Baadaye nilikwenda kwenye zahanati moja nikapimwa mkojo, nikaambiwa nina UTI, nikapewa dawa. Nikarudi, nikapewa tena. Mara tatu kwa mwaka mmoja nilimeza antibayotiki kwa tatizo ambalo halikuwa la vijidudu. Mtu mwenye UTI mara nyingi husikia moto akikojoa, hubanwa kila saa, pengine na homa. Mimi sikuwa na maumivu. Nilikuwa navuja nikikohoa tu, na swali hilo moja, unavuja wakati gani, hakuna aliyeniuliza.

Kisha nikaenda Kariakoo kwa mama mmoja anayeuza dawa za kina mama. Akanipa shabu, lile jiwe jeupe linalosagwa na kuwekwa ukeni. Wanawake wengi wa mji huu wanaijua, inasifiwa kwamba inabana. Inachofanya ni kukausha. Ngozi ya ndani ya uke ni laini na ina unyevu wake unaoilinda. Shabu inaukausha, ngozi inachubuka, na vidonda vikija maambukizi yanapata mlango. Niliungua siku nne. Misuli iliyolegea iko ndani zaidi ya ngozi hiyo na hakuna unga wala majani ya kupaka yatakayoifikia. Dada zangu, hili nawasihi: msijiwekee vitu huko.

Kilichoniuma kuliko vyote ni sala. Nikiinuka kutoka kwenye sijida nahisi tone, udhu umekwenda. Nilitawadha mara mbili, mara tatu kwa sala moja, na Ramadhani ikifika nilikaa nyumbani badala ya kwenda tarawehe. Mwisho nilimwendea ustadhati aliyenifundisha madrasa utotoni. Akanieleza kwamba mtu anayetokwa na mkojo bila kukoma ana hukumu yake: atajisafisha, atajifunga kitambaa, atatawadha wakati wa sala ukishaingia, ataswali, na sala yake ni sahihi. Mimi sikuwa wa kutokwa bila kukoma, kwa hiyo hukumu hiyo haikuwa yangu. Lakini kujua kwamba jambo hili limeulizwa na kujibiwa katika vitabu vya fiqhi tangu zamani, bila mtu kuona haya, kulinifungua kifua. Nikawaza: kama ustadhati ameweza kulitamka, kwa nini mimi nisiweze?

Hata hivyo nilikaa miezi mingine kadhaa. Nilikuja kusukumwa na bonanza la walimu. Tulikuwa tunavuta kamba, shule yetu na ya jirani, wanafunzi wamejaa uwanjani wanashangilia. Tulipovuta mara ya kwanza nilihisi mkojo wote umeteremka. Nilisimama pale pale nimeshika kamba, siwezi kugeuka. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akaona. Hakusema neno. Akajifungua khanga yake, akanifunga kiunoni kana kwamba tunajiandaa kuvuta tena, akanishika mkono. "Twende nikusindikize." Tulipofika chooni akaniambia kwamba na yeye alikuwa hivyo baada ya pacha wake, na kwamba kuna mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na mambo hayo hayo tu. Mimi nilijua fiziotherapia ni ya waliovunjika mguu na waliopata kiharusi.

Nikaenda. Mtaalamu huyo alikuwa dada wa makamo, amesomea Moshi, hospitali ya KCMC, na alikuwa na utulivu wa mtu asiye na foleni nje ya mlango, ingawa foleni ilikuwepo. Aliniuliza kwa karibu saa nzima. Nakwenda haja ndogo mara ngapi? Usiku je? Nikibanwa naweza kusubiri? Watoto walikuwa na kilo ngapi? Nahisi kama kuna kitu kinashuka? Tendo la ndoa lina maumivu? Haja kubwa inatoka kwa shida? Hili la mwisho nilishangaa. Akanieleza kwamba mtu anayejikamua kila siku anaisukuma chini misuli ile ile anayotaka ipande, na kwamba wengi wanaovuja wana choo kigumu na hawajui kwamba mambo hayo mawili ni ndugu.

Kabla ya yote alinipa kazi ya nyumbani: siku tatu niandike kila ninachokunywa na kila nikojoapo, kiasi gani. Nikanunua jagi la plastiki lenye alama. Mimi ni mwalimu, kuandika hakunishindi, lakini nilipokamilisha siku ya tatu nilikaa nikaitazama karatasi ile. Nilikuwa naenda chooni mara kumi na nne kwa siku, na kila mara natoa kama mililita mia moja tu. Kibofu cha mtu mzima kinaweza kushika mia nne mpaka mia sita, na watu wengi huenda mara sita hadi nane mchana kutwa. Mimi nilikuwa nimekifundisha changu kuwa kidogo. Kila kabla ya kutoka, kila kabla ya kipindi, kila kabla ya kupanda gari, hata kama sikubanwa, nilienda tu nisije nikaumbuka. Na maji nilikuwa nimeyapunguza mpaka chini ya lita moja, katika joto hili la Dar, huku chai ya rangi nakunywa vikombe vitatu. Mkojo ukiwa mzito na wa njano iliyokolea unakikera kibofu, na mwili ukikosa maji choo kinakuwa kigumu. Yaani kila nilichofanya kujisitiri kilikuwa kinaongeza tatizo.

Aliniomba ruhusa ya kunipima. Nataka niliseme hili kwa sababu ndilo linalowatisha wengi. Alinieleza kwanza atafanya nini, kwamba ni kidole kimoja chenye glavu, kwamba naweza kukataa na tiba ikaendelea bila kipimo hicho, kwamba naweza kuwa na mtu wangu chumbani, na kwamba nikisema basi, ni basi. Pazia lilifungwa. Nilifunikwa shuka. Kisha akasema, "Haya, bana kama unazuia upepo usitoke mbele ya wakwe, halafu uvute juu na mbele." Nikabana kwa nguvu zangu zote.

"Unasukuma," akasema. "Umefunga pumzi, umekaza makalio, na huku ndani unasukuma chini."

Miezi kabla ya hapo nilikuwa nimesikia kuhusu mazoezi haya kwenye simu, nikawa nayafanya usiku kitandani. Nimeyafanya kinyume usiku wote ule. Alinirekebisha kwa subira: toa pumzi, tumbo lisikakamae, mapaja yalale, halafu inua taratibu. Mara ya nne au ya tano nikasikia kitu kidogo sana kinapanda, kama kope la jicho. Akatabasamu. Nguvu ya misuli hii hupimwa kuanzia sifuri hadi tano. Yangu ilikuwa mbili, na niliweza kuishika sekunde tatu tu kabla haijaniponyoka.

Akachora kwenye karatasi. Misuli ya sakafu ya nyonga imetandikwa kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, nayo ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Mkojo, mtoto na haja kubwa vyote hupita katikati yake. "Kwenu Kisarawe si mnavijua vitanda vya kamba?" akaniuliza. Nikamwambia bibi yangu alifia juu ya kitanda cha kamba. "Kitanda kikilegea katikati, mlikuwa mnakitupa?" Tulikuwa hatukitupi. Babu alikuwa akikiwamba upya, kamba moja moja, kazi ya siku nzima, na usiku bibi analala hagusi chini.

Mfano huo ulinikaa kuliko mchoro.

Mazoezi yenyewe yanaelezeka kwa maneno machache, na ugumu wake ni kuyafanya kila siku bila mtu kukuona na bila kuona matunda. Nilianza nimelala chali, magoti nimeyakunja. Nabana na kuinua, nashika sekunde tatu, naachia kabisa, napumzika sekunde sita, narudia mara nane. Halafu ya haraka kumi, bana achia, bana achia. Mara tatu kwa siku. Kila baada ya wiki mbili sekunde inaongezeka moja, lengo ni kumi. Baadaye nimekaa, baadaye nimesimama, kwa sababu mtu hapigi chafya akiwa amelala chali. Nikayafunga kwenye sala ili nisisahau: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri, baada ya Isha, nikishatoa salamu nabaki pale pale kwenye mswala.

Alinikataza kuyafanya kwa kukatiza mkojo nikiwa chooni, jambo ambalo wengi huliona ndiyo njia. Ukilifanya kila siku unakichanganya kibofu, mkojo unabaki, na mkojo uliobaki ndio unaoleta UTI ya kweli. Na akanikataza kukojoa nusu-wima. Wanawake wa mjini tukikuta choo cha kukaa hatukiamini, tunaning'inia juu yake mapaja yakitetemeka. Misuli hailegei hivyo na kibofu hakimalizi kutoa mkojo. Uchuchumae kabisa au ukae kabisa. Choo chetu cha kuchuchumaa, alisema, ni kizuri kwa haja kubwa kuliko kile cha kukaa. Mwenye cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele.

Lililonisaidia mapema kuliko yote ni kutangulia kubana. Ukihisi kikohozi kinakuja, bana na inua kwanza, ndipo ukohoe. Ni nukta moja tu, lakini misuli inakuwa imeshapanda kabla uzito haujaiangukia. Vivyo hivyo dumu la maji. Mtaani kwetu maji yakikatika tunabeba madumu ya lita ishirini, nayo ni kilo ishirini, na kila mtu anainua amefunga pumzi. Pumzi iliyofungwa inasukuma chini. Sasa nachuchumaa, nalisogeza dumu mwilini, nabana, natoa pumzi huku nainuka. Nilimuuliza kuhusu mkaja pia, maana nilikuwa na dukuduku. Akasema kufungwa kwa kiasi kunashikiza tumbo na mgongo na mzazi anapata raha. Ukikazwa mpaka huwezi kuvuta pumzi, shinikizo lote linateremkia sakafuni, mahali palepale palipojeruhiwa.

Aliniambia pia mazoezi haya yanaitwa kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani, aliyeandika juu yake mwaka 1948. Nilichokipenda katika habari hiyo ni kwamba daktari huyo aliunda na kifaa cha kupimia, ili mwanamke aone mwenyewe kama anabana kweli. Tangu mwanzo, basi, ilijulikana kwamba mtu akiambiwa tu "bana" anaweza asijue anabana nini. Wanaofundisha kwenye simu kwa nusu dakika wanaliacha hilo.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kubana kabla sijaolewa. Nilipokuwa mwali kungwi wangu alinifunza kiuno, akanifunza kubana na kuachia, tena kwa ustadi. Simlaumu, alikuwa mjuzi. Ila mafunzo yale yote yalikuwa ya chumbani, ya kumridhisha mume. Laiti angeongeza sentensi moja, kwamba misuli hii ndiyo inayokushikia kibofu na kizazi mpaka uzeeni, ningeondoka na elimu kamili. Makungwi wapo mpaka leo, wanaaminiwa na wana wasaa wa kukaa na msichana siku nyingi. Ningekuwa na uwezo ningewakutanisha na wataalamu hawa kesho asubuhi.

Na kuachia ni nusu ya kazi. Jirani yangu alipoona nimeanza kupata nafuu akataka nimfundishe. Nikamfundisha, na hapo nilikosea. Yeye hakuwa akivuja; alikuwa na maumivu makali ya tendo la ndoa na mkojo uliokuwa ukisita kutoka. Baada ya wiki tatu maumivu yakazidi. Nikampeleka kwa yule dada, naye akakuta misuli yake haikulegea hata kidogo, imekakamaa mchana na usiku kama ngumi. Tiba yake ilikuwa kinyume cha yangu: kuvuta pumzi ndefu mpaka tumboni, kulegeza, mkao wa kuchuchumaa uliotulia, mikono ya mtaalamu ikiachilia mafundo. Kubana kulikuwa kunamuumiza. Tangu siku ile sifundishi mtu. Namwelekeza tu aende akapimwe.

Wiki sita za kwanza sikuona kitu. Nililia mara moja, wiki ya saba, nilipopata mafua yenye kikohozi nikalowa kama zamani. Mtaalamu akaniambia wanaofuata mazoezi haya wakisimamiwa hupewa angalau miezi mitatu kabla ya kusema yamefaulu au yameshindwa, maana misuli hujengeka polepole hapa kama inavyojengeka mkononi. Nikaendelea. Wakati huo huo nilikuwa nakilea kibofu: nikibanwa, nakaa, nabana mara chache za haraka, nangoja dakika tano, kisha kumi, kisha robo saa. Maji nikayarudisha. Mwezi wa nne nilipanda daladala kutoka Mbagala mpaka Kariakoo nikiwa nimesimama katikati ya watu, foleni ya Mtoni kwa Azizi Ali haisogei, na niliposhuka nikagundua kwamba sijawaza choo njia nzima. Nilisimama pembeni ya barabara nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mume wangu nilimwambia kati ya mwezi wa kwanza na wa pili. Alikaa kimya, kisha akasema alidhani nimemchoka, kwa jinsi nilivyokuwa namkwepa. Kesho yake alfajiri nilikuta madumu yote yamejaa.

Kwenye benchi la kusubiri ndipo nilipomjua mama mmoja kijana wa kusini. Yeye alikuwa ametibiwa fistula. Alikaa na uchungu siku mbili kijijini, kichwa cha mtoto kimekwama. Nyama iliyobanwa kati ya kichwa na mfupa ilikosa damu ikafa, pakabaki tundu kati ya kibofu na uke. Mtoto alifariki. Baada ya hapo mkojo ulimtoka mchana na usiku, akiwa amekaa, akiwa amelala, hakuna kikohozi wala chafya. Tundu halifungwi kwa mazoezi. Linafungwa kwa upasuaji, na hapa mjini hospitali ya CCBRT, kule Msasani, imekuwa ikiwafanyia wanawake upasuaji huo bila malipo. Tangu 2009 ilianza kuwatumia hata nauli kwa M-Pesa ili walio mbali waweze kufika. Mama yule sasa alikuwa mkavu, ila misuli ilikuwa imedhoofika na bado alikuwa akivuja kidogo akikohoa, ndiyo maana tulikutana benchi moja. Nimesimulia habari yake kwa ruhusa yake, kwa sababu anataka ijulikane: anayevuja bila kukoma baada ya kuzaa asipotezewe muda kwa kuambiwa abane. Aende hospitali. Vivyo hivyo anayeona damu kwenye mkojo, au aliyeanza ghafla kushindwa kuzuia huku miguu inakufa ganzi.

Sasa mama yangu.

Nilikwenda Kisarawe likizo ya Juni. Tulikuwa tunamenya mihogo barazani, nikamsimulia yote, toka khanga za mkobani mpaka kidole cha mtaalamu. Nilitegemea anikemee kwa kuyatamka. Aliendelea kumenya. Muhogo ule ulipokwisha akaweka kisu chini.

"Mimi mwenzio nina kitu kinatoka tangu nimzae mdogo wako wa mwisho."

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa 1994.

Kizazi chake kilikuwa kimeshuka. Asubuhi kinakuwa ndani, jioni baada ya kulima na kubeba maji kinatoka, naye anakirudisha kwa mkono, ananawa, anapika. Miaka yote hiyo nilikuwa naona mama hakai kwenye mkeka harusini, anasimama pembeni au anajipa kazi jikoni, nikadhani hapendi ngoma. Mtu yule alikuwa ananikanda mimi kwa maji ya moto, mara tatu, watoto watatu, ameinama juu yangu na birika zito, na mwenyewe anashuka.

Nilishindwa kusema. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," kana kwamba ndiyo kwanza nimefika. Akaniitikia, akachukua muhogo mwingine.

Tulikuja naye Dar wiki iliyofuata. Daktari wa wanawake alimpima akasema imefika hatua ya tatu kati ya nne. Ikiwa hatua za mwanzo mazoezi humpa mtu nafuu nzuri. Ilipofikia ya mama, mazoezi peke yake hayatoshi, na akaelezwa njia mbili, upasuaji au pete. Akachagua pete: duara laini la silikoni linalowekwa ukeni kushikilia kizazi kisishuke. Walijaribu saizi mbili. Alipoambiwa atembee, akohoe, achuchumae, aende chooni arudi, akafanya yote, kisha akasimama katikati ya chumba akishika nyonga kwa mikono miwili. "Kumetulia," akasema. Kila baada ya miezi michache anarudi pete inatolewa, inasafishwa, anaangaliwa kama hakuna kidonda. Mtaalamu wetu alimpa na mazoezi, maana sakafu inayobaki nayo inafaa kulindwa, na akamfundisha kuinua ndoo kwa pumzi. Mama huwa ananisahihisha mimi siku hizi.

Mwezi uliopita walikuja kumposa binti wa kaka yangu. Wanaume walikuwa sebuleni, sisi wanawake chumba cha ndani, pazia limeshushwa, masikio yote kule. Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Mzee wetu akasoma: mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama. Mshenga akaomba mkaja upunguzwe kidogo, hali ya maisha ilivyo. Kukawa na kimya. Wifi yangu, ambaye ndiye mkaja wake uliokuwa ukizungumzwa, akapiga chafya. Akakutanisha mapaja haraka, akavuta khanga yake chini, akainamisha macho kwenye mkeka.

Nikasogea mpaka mabega yetu yakagusana.

"Alhamisi nampeleka mama kliniki," nikamwambia sikioni. "Twende wote."

Hakunigeukia. Sebuleni mzee wetu alikuwa anakataa kupunguza.

"Saa ngapi?" akauliza.